Kochi la Mzee na Mtoto Aliyenyamaza

Niliondoka asubuhi, wenzangu wa chumba wakiwa bado wamelala, na sikuwa nimegombana na mtu. Kiwanda cha kuku kule Delaware kilikuwa kimenichosha mikono, lakini hiyo haikuwa sababu. Nilikuwa nimekijua kile kijiji cha kiwanda mpaka nikakimaliza. Ndivyo nilivyo tangu utotoni. Shule niliiacha darasa la saba, na si karo peke yake iliyonitoa. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara kuu ya malori, na mwalimu hakuweza kushindana na malori. Siku ile nilipanda basi la kwanza lililokuwa na kiti kitupu. Lilikuwa linakwenda Washington.

Mfukoni nilikuwa na namba ya simu ya mwanamke wa kwetu, ng'ambo ya mto wetu hasa, aliyekuwa akiishi Adelphi, kitongoji cha Washington, na mtoto wake mmoja. Hatukuwa ndugu, lakini nilimwita dada naye akaniita kaka, na ugenini hilo linatosha. Alinifungulia mlango akiwa bado na sare ya kazi. Alikuwa akiwahudumia wagonjwa na wazee majumbani mwao.

"Utalala sebuleni," alisema. "Usiniletee pombe, usiniletee wanawake, na Jumapili ni kanisani."

"Na nikiwa mgonjwa Jumapili?"

"Ndiyo siku nzuri ya kuombewa."

Mtoto alikuwa mezani anakula nafaka za maziwa jioni, kama watoto wa kule wanavyofanya. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, shingo nyembamba. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza. Mazungumzo yetu yalibaki hivyo hivyo mpaka mwisho: mimi kwa lugha yangu, yeye kwa yake, na hatukuwahi kupotezana.

Dada ndiye aliyenipatia kazi. Alikuwa amemuuguza mke wa mzee mmoja mpaka kifo chake, katika nyumba kubwa ya matofali yenye miti mingi, upande wa magharibi wa wilaya yetu. Mzee akabaki peke yake na macho yaliyokuwa yakififia. Alihitaji mtu wa kukata nyasi, kuondoa theluji, kusafisha na kumwendesha gari. Mimi na dada tulimwita Mzee tu, na baadaye hata yeye mwenyewe akalizoea jina hilo, akalitamka kwa namna ya kuchekesha, kama mtu mwenye tambi mdomoni.

Mzee alikuwa mchambuzi wa nafsi, daktari wa ile aina inayomlaza mtu kwenye kochi na kumwacha aseme chochote kinachomjia. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya nyumba, na nilivutiwa nacho kuliko mahali popote nilipowahi kufagia. Kilikuwa na milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea, ili wagonjwa wasipishane. Nje ya mlango kulikaa kimashine kinachovuma kama feni, kusudi anayesubiri asisikie ya ndani. Saa iliwekwa mahali ambapo daktari aliiona na mgonjwa hakuiona. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuacha rundo la vitambaa vya karatasi karibu na kochi, kwa sababu kila mgonjwa alitandikiwa kipya juu ya mto, na alipoondoka Mzee alikikunja mwenyewe na kukitupa. Sikuruhusiwa kukigusa kilichotumika. Nilimuuliza kwa nini. Akasema alama ya kichwa cha mtu ni ya mtu huyo.

Nilimuuliza mengi, naye alipenda kuulizwa. Tukiwa garini alinieleza kwamba alilala kwenye kochi la mwalimu wake kwa miaka kabla hajaruhusiwa kuketi nyuma ya kochi lake mwenyewe. Alinieleza kwamba hatoi maagizo. Mtu akimuuliza, "Niolewe au nisiolewe?" yeye huuliza swali hilo limetoka wapi. Nilimwambia kwetu mganga asiyetoa dawa wala amri angekufa njaa. Alicheka mpaka akavua miwani.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo alitoa amri juu yake, tena hadharani. Miaka ile madaktari wachache walikuwa wameanza kuwapa watoto sindano za kusimamisha kubalehe, watoto waliosema kwamba wao ni wasichana ingawa wamezaliwa na mwili wa kiume, au kinyume chake. Mzee alipinga. Aliandika magazetini, akaalikwa kwenye vikao vya madaktari, na mimi ndiye niliyempeleka. Siku moja nilikaa kiti cha nyuma ukumbini, kofia mapajani, nikasikiliza kila neno.

Hakuwa mtu wa kupiga meza. Alisema kwa upole kwamba mtoto hubadilika, kwamba hakuna anayejua sindano hizo zitamfikisha wapi mtu akifika miaka arobaini, na kwamba mtoto anaposema mwili huu si wangu anaeleza maumivu, na maumivu yanataka msikilizaji kabla ya sindano. Baadhi ya watu walitikisa vichwa kukubali. Daktari mmoja kijana alisimama akamjibu kwamba watoto hao huulizwa na kupimwa kwa muda mrefu, na kwamba kusubiri nako ni tiba, tena yenye madhara yake. Kisha mama mmoja akasimama, mwanamke mnene mwenye sweta ya kijani.

"Wewe leo utarudi nyumbani ulale," alimwambia Mzee. "Mimi nikirudi naenda kwanza kutazama kama binti yangu anapumua."

Mzee alisema, "Nakuamini, mama. Ndiyo maana naogopa haraka." Mama yule alichukua mkoba wake, akatoka.

Njiani kurudi tulitoka kwenye barabara kuu inayozunguka mji. Hapo Mzee akaanza kunisimulia ujana wake kazini. Walimu wake waliamini kwamba mwanamume anayependa wanaume anaweza kubadilishwa kochini, naye aliamini pamoja nao. Alikuwa na mgonjwa wa namna hiyo kwa miaka mingi. Mgonjwa akaoa, akamletea Mzee chupa ya divai ya shukrani. Miaka ilipita, akaja tena, naye sasa amezeeka, akamwambia, "Ulinisubiri nigeuke mtu mwingine, nami nilikuonea huruma nikajifanya nimegeuka."

"Ulimjibu nini?" niliuliza.

"Nilimwomba radhi. Na tangu hapo nimeapa sitamharakisha mtu kuwa chochote."

Nilifikiria jambo hilo kwa siku nyingi. Nililigeuza huku na huku, na kila nilipoligeuza lilikuwa na sura nyingine. Sina hakika hata leo.

Mtoto wa dada alikuwa amemwambia mama yake tangu kabla sijafika. Alimwambia jikoni, kwa Kiingereza, kwamba yeye ni msichana na amejua hivyo siku zote. Dada alidhani ni mambo ya televisheni. Alipoona si mzaha alikwenda kwa mchungaji, akafunga na kusali. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuuguza wagonjwa pia, akampeleka kwenye kliniki moja ya watoto. Daktari wa pale, mwanamke kijana, alieleza habari za zile sindano. Alisema uamuzi si wa leo, lakini mwili nao hausubiri. Dada alirudi nyumbani uso umemshuka kama mtu aliyepigwa.

Ndipo akamwendea Mzee. Alijua msimamo wake. Alikuwa amemsikia akizungumza kwenye simu mara nyingi wakati akimwosha mke wa Mzee. Mzee alikuwa na kanuni ya kutomtibu mtu wa nyumba anayoifahamu, lakini kwa dada aliivunja. "Alimfumba mke wangu macho alipokufa," aliniambia. "Nitamkatalia nini?" Alikubali kumpokea mtoto, na alimwambia dada waziwazi: dawa hapana, si sasa, aje tuzungumze, tusubiri.

Dada aliimba wimbo wa kanisani akipika ugali jioni hiyo. Daktari mkubwa, mzungu, mwenye nyumba iliyojaa vitabu, alikuwa amesema kile alichotamani kusikia.

Basi nikawa nampeleka mtoto kwa Mzee mara kadhaa kila juma baada ya shule. Mwanzo alizungumza, najua hivyo kwa sababu garini aliniigizia.

"Namwambia nimekasirika, ananiuliza kukasirika kunafanana na nini."

"Kunafanana na nini?"

"Wewe nawe!" Alinipiga begani. "Sasa nina vichaa wawili."

Alikuwa mcheshi kuliko mama yake alivyojua. Aliniomba nimfundishe matusi ya kwetu, nikamfundisha yale ya kumtukana mbuzi tu. Wakati mwingine alikuwa akivua fulana ya juu garini, na chini yake alikuwa na blauzi ya rangi ya samawati yenye vifungo vidogo. Alikaa nayo hadi taa za barabarani za mwisho kabla ya nyumbani, kisha akavaa fulana tena. Sikumwambia avae wala avue. Niliendesha.

Majira ya baridi yalipofika sauti yake ikaanza kukwaruza. Ilianza na neno moja moja, kama redio yenye betri dhaifu, halafu siku moja ikashuka na haikupanda tena. Akaacha kuongea. Nyumbani alitikisa kichwa au kunong'ona. Shuleni, nilisikia, aliandika majibu. Garini alinong'ona nami, na mzaha ukapungua kwa sababu mzaha hauwezi kunong'onwa.

Kwa Mzee hakusema chochote kabisa. Alilala kochini saa yake yote akitazama dari, kisha akatoka kwa mlango wa pili. Daktari mwingine yeyote angemwita mama. Lakini katika kazi ya Mzee ukimya ni mali. Wao hawamharakishi mgonjwa anyamazapo. Hukaa naye humo ndani ya ukimya, wakiamini kwamba kitu kizito kinasogea chini. Siku moja Mzee alipanda ngazi baada ya mtoto kuondoka, akaniambia akiwa amefurahi kwa namna yake ya taratibu, "Anafanya kazi kubwa sana."

Nilimwambia, "Mzee, hata nyumbani hasemi. Hapendi kuisikia sauti yake."

Alinitazama kwa makini. "Umenieleza jambo la maana," alisema. "Lakini ni lazima aniletee mwenyewe. Nikiingia na maneno yako nitakuwa nimempora maneno yake."

Hakuwa mjinga, wala hakuwa na roho mbaya. Nilimwona akilia kwenye kiti cha mkewe. Ila alingoja, na kule kungoja kulimpendeza kama vile mvuvi anavyoupenda mshipi uliotulia.

Dada naye aliuona ukimya, na hakuuona kama mali. Aliona mtoto aliyekuwa akifa polepole mezani pake. Simu za nyumbani zikaanza, bibi yake mtoto, mjomba, shangazi. Kwetu sote tulio ughaibuni kuna dawa moja inayojulikana, ambayo wazazi huitaja kwa kutishia na mara nyingine hutimiza: mtoto akipotea huku, anarudishwa nyumbani akanyooshwe. Mjomba alipata nafasi katika shule ya bweni ya wavulana, yenye nidhamu, yenye kanisa. Muhula wa tatu ungeanza Septemba. Dada akanunua tiketi ya mwezi wa nane.

Nilimwambia, "Dada, umemuuliza Mzee?"

"Nimuulize nini? Daktari alisema hapana kwa dawa. Alisema ni mambo ya moyoni. Mambo ya moyoni hayatibiwi na shule na sala?"

"Hakusema apelekwe bweni la wavulana."

"Hakusema asipelekwe."

Mwezi wa nane una maana yake kwa watu wa kazi ya Mzee. Wote huondoka. Sijui nani alianza, lakini kila mwaka ufikapo Agosti wachambuzi wa nafsi wa mji ule hufunga milango, wanakwenda baharini au milimani, na wagonjwa wao hubaki na mashine ya kupokea ujumbe wa simu. Mzee alikuwa na nyumba ndogo kaskazini, kwenye kisiwa. Asubuhi ya kuondoka kwake nilikuwa nampakilia vitabu garini. Binti wa jirani ndiye angeendesha.

Nikamwambia hapo hapo kwenye lami, sanduku mkononi. Nilimwambia mama amenunua tiketi, ni bweni la wavulana, ni kabla hujarudi.

Mzee alisimama. Alishika mlango wa gari kama mtu anayeogopa kuanguka. "Hajaniambia," alisema.

"Hasemi, Mzee. Umpigie mama yake. Neno lako analisikia kuliko la mchungaji."

"Sipangi maisha ya watu. Nikianza kumwambia mzazi ampeleke wapi mtoto..."

"Lakini sindano ulimwambia."

Macho yake mabovu yalitazama upande wangu bila kunipata. "Mwambie mama aje kuniona Septemba," alisema. "Kabla ya uamuzi wowote. Septemba tutalizungumza kwa utulivu." Binti wa jirani aliwasha gari. Nilipeleka ujumbe ule jioni hiyo, na dada akaniuliza kama Mzee anajua ndege ni kitu kinachoondoka.

Mkesha wa safari, mchana, dada alitandaza magazeti jikoni na kutoa mashine ya kunyolea. Shule ilitaka vichwa vilivyonyolewa. Nywele za mtoto zilikuwa zimefika mabegani; alizisuka mwenyewe bafuni, vibaya vibaya. Alikaa kwenye kiti bila kubishana, na hilo ndilo lililonitisha. Dada alinyoa mstari wa kwanza katikati, kisha akaninyooshea mashine.

"Kaka, nimalizie."

"Hapana."

"Sasa nimwache hivi? Nusu?"

"Mwache na zake zote, dada. Mrudishe kwa yule daktari wa kike. Mzee akirudi atasema anavyopenda."

Aligeuka na mashine ikivuma mkononi. "Wewe una mtoto? Umewahi hata kumaliza mwaka mahali pamoja? Kesho ukishatusindikiza, tafuta kwako."

Akamalizia mwenyewe, akilia, akipuliza vinywele shingoni mwa mtoto kwa upole kama alivyompuliza alipokuwa mchanga. Mtoto aliziokota nyingine, akazifunga kwenye kipande cha gazeti.

Nilipeleka funguo za Mzee kwa jirani yake. Kesho yake asubuhi kwenye buti ya gari kulikuwa na begi la mtoto na langu, yamelaliana. Dada aliendesha mpaka uwanja wa ndege wa Dulles bila kuwasha redio.

Kwenye kaunta, mfanyakazi wa shirika la ndege aliuliza nani amefunga begi hili. Dada akajibu ni yeye. "Namuuliza msafiri," mfanyakazi alisema. Mtoto alinong'ona. "Sikusikii," mfanyakazi alisema tena, bila ubaya, foleni ikiwa ndefu nyuma yetu.

Ndipo mtoto akasema kwa sauti: "Mama yangu." Ilikuwa sauti ya mwanamume mzima, nzito, ikatoka kwenye ile shingo nyembamba, na uso wake ukaungua kwa aibu. Dada aliweka mkono kifuani. Miezi yote ile ya minong'ono hakuwa ameisikia. Akamtazama mwanawe, akafungua mdomo, na kwa muda mfupi nilidhani atachukua begi kutoka kwenye mizani. Mkono wake ulikwenda mpaka kwenye mpini. Mfanyakazi akabandika karatasi, begi likaondoka na mkanda.

Mtoto aliniaga mimi kwanza. Alinong'ona sikioni mwangu tusi la mbuzi, kwa Kiswahili safi, neno lake la kwanza na la pekee kwa lugha yangu. Kisha akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu, na mhudumu wa watoto wanaosafiri peke yao akamwongoza kupita kizuizi. Kutoka nyuma, kichwa kikiwa kimenyolewa, alikuwa kama mvulana yeyote.

Dada alikaa kwenye benchi. Nilikaa kando yake. Baadaye alisema, "Nimefanya kile walichoniambia wote." Nikasema najua. Hakuniambia nirudi naye, nami sikuomba. Nilitoa begi langu kwenye gari lake, akaondoka taratibu sana, akiwa amewasha taa za kuashiria kona ambayo hakuikata.

Basi la kawaida lilinishusha Herndon, mji mdogo jirani na uwanja. Nilitembea katikati ya nyumba za mbao za rangi moja, nikiuliza. Kwenye duka la vyakula mtu alinielekeza kwa mama mmoja wa Kikongo, mjane, aliyekuwa na chumba cha chini. Alinifungulia akiwa na kijiko cha mbao mkononi.

"Karibu, papa. Minasikia unatafuta chambre." Alinitazama begi, akanitazama viatu. "Unafanyaka kazi gani?"

"Yoyote."

"Hiyo kazi iko mingi." Alinishusha ngazi. Kulikuwa na kitanda, dirisha la juu lililotazama majani, na mlango usiofunga vizuri. Ndege ilipita juu ya nyumba na vikombe vikatetemeka kabatini. Mama hakuinua hata jicho. "Utazoea. Hapa hatupendake kelele, na hatupendake wageni kila siku. Kuna mutu atakuya kukuona?"

"Mmoja," nilisema. "Lakini si karibuni. Pengine baada ya miaka."

"Mwanaume ao mwanamuke?"

"Msichana."

Alisukuma mlango kwa kijiko, ukafunguka wenyewe tena. "Basi huu haufai," alisema. "Binti ya mutu hawezi kulala na mulango kama huu." Akapanda ngazi kutafuta bisibisi.